Kusikiliza Moyo wa Mtoto Tumboni: Mwongozo kwa Waja Wazito wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Mashine ya kupima mapigo ya mtoto iko kituoni, nawe uko nyumbani. Tuanzie hapo. Kati yako na mashine hiyo kuna feri kama unakaa Likoni, kuna foleni ya daraja la Nyali kama uko Kisauni, na kuna malori ya bandari kama uko Changamwe. Kwa hivyo mwongozo huu utaeleza vifaa, lakini utakuhusu wewe zaidi: utajuaje kwamba leo ni siku ya kwenda kusikilizwa, utafikaje, na ukifika uulize nini.

Kinachosikilizwa

Moyo wa mtoto tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Wako, ukiwa umetulia, hupiga kati ya 60 na 100. Mama anayeusikia mlio wa mtoto kwa mara ya kwanza hushtuka kwa jinsi unavyokwenda mbio. Humo tumboni mna mlio mwingine, wa kuvuma, wa polepole. Huo ni wa damu yako mwenyewe ikipita kwenye mishipa ya mji wa mimba. Nesi mzoefu huzitenganisha sauti hizo kwa kukushika kifundo cha mkono huku anasikiliza tumbo. Pigo la mkononi likienda sambamba na la tumboni, basi anakusikia wewe, na itambidi atafute mahali pengine. Ukiona sista amekushika mkono hivyo usidhani anakubembeleza. Yuko kazini.

Nambari moja peke yake haisemi mengi. Uchungu unapobana, damu inayopita kwenye kondo la nyuma hupungua kwa muda, kisha tumbo likilegea hurudi. Mtoto mwenye nguvu hulivumilia hilo saa nyingi. Aliyeanza kuchoka, mapigo yake hushuka na hukawia kurudi hata baada ya uchungu kuachia. Ndiyo maana sikio la mkunga linatakiwa likae tumboni dakika nzima, na hasa mara tu uchungu unapomalizika. Anayesikiliza sekunde tano akasema "mtoto yuko sawa" amesikia kwamba mtoto yu hai, basi.

Pembe, dopla na mashine ya mikanda

Kifaa cha zamani kuliko vyote ni kile kipembe cha mbao, bati au plastiki ambacho nesi hukitia sikioni na kuinama juu ya tumbo. Kilibuniwa na daktari Mfaransa, Adolphe Pinard, mwaka 1895, na wakunga wetu hukiita fetoskopu. Hakina betri wala jeli, na stima ikipotea hakina habari. Hutumika vizuri mimba ikishafika kama miezi mitano na kuendelea. Kasoro yake ni kwamba anayesikia ni nesi peke yake, na inambidi apate utulivu. Katika wodi yenye kelele, au tumbo likiwa na nyama nyingi, kazi huwa ngumu.

Dopla ya mkononi ni kile kijisanduku chenye waya na kichwa kinachopakwa jeli. Hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, yakagonga moyo unaocheza, yakarudi yamebadilika, na mashine ikayageuza kuwa mlio. Kanuni hiyo ilielezwa na Christian Doppler wa Austria mwaka 1842, alipokuwa akifikiria mwanga wa nyota. Kuanzia kama wiki ya 12 dopla huweza kuyapata mapigo. Wewe unasikia, mumeo anasikia, na nambari inaonekana. Nambari hiyo huweza kukosea, ikaonyesha nusu ya mapigo au mara mbili yake, kwa hiyo nesi makini huhesabu kwa sikio pia.

Betri ndiyo shida. Mwaka 2023 Kenya nzima ilikaa gizani zaidi ya mara moja, na kila mwenye kazi ya hospitali anakumbuka ile ya Agosti 25. Kwa shida ya aina hiyo ilikuwa imeshaundwa dopla ya kuzungushwa kwa mkono, isiyohitaji stima. Ilijaribiwa katika hospitali ya Nsambya, Kampala, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: kwa dopla hiyo wakunga waligundua kasoro za mapigo mara nyingi zaidi kuliko kwa pembe. Idadi ya watoto waliofariki, hata hivyo, haikutofautiana. Tanzania nako, Haydom na Muhimbili, walijaribu kifaa kinachoitwa Moyo, kilichotengenezwa na Laerdal ya Norwei, ambacho mama hufungwa tumboni na kikapiga kengele mapigo yakiharibika. Kasoro zilionekana zaidi kuliko kwa njia zilizokuwa zikitumika awali. Haya nayaeleza kwa sababu yanajibu swali ambalo jamaa huuliza mara kwa mara, "hospitali gani ina mashine nzuri?" Kuona kasoro ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni daktari, chumba cha upasuaji, damu na gari, na hivyo ndivyo vya kuulizia.

Kisha ipo mashine ya CTG, ambayo wengi wakisema "mashine ya mapigo" huwa wanaikusudia. Hiyo ina mikanda miwili. Mmoja hukaa chini ya kitovu au ubavuni, pale ulipo mgongo wa mtoto, na husikiliza moyo kwa njia ileile ya dopla. Wa pili hukaa juu, karibu na kilele cha tumbo, na hupima tumbo linavyokazana. Huu wa pili haupakwi jeli. Karatasi hutoka polepole, kwa mashine nyingi sentimita moja kwa dakika, ikiwa na mistari miwili: wa juu ni moyo, wa chini ni uchungu. Mstari wa juu wa mtoto mzima una vijimeno vidogovidogo. Hukwaruza kwaruza, haunyooki. Kila baada ya muda hupanda mapigo 15 au zaidi kwa sekunde 15 au zaidi, mara nyingi mtoto anapojinyoosha. Mstari ulionyooka kwa muda mrefu unaweza kuwa wa mtoto aliyelala, kwa kuwa hulala hata dakika arubaini, na unaweza kuwa wa mtoto aliye taabuni. Daktari husubiri, hukugeuza ubavu, huangalia tena. Vibonde vinavyofuata kila uchungu na kuchelewa kupanda ndivyo vinavyowakimbiza watu kwenda kumwita daktari.

Usijaribu kuisoma karatasi mwenyewe. Hata madaktari wawili hukaa nayo wakatofautiana.

Je, uidai mashine kubwa?

Hapa nitasema jambo ambalo mavyaa wako huenda asilipende, hasa kama yeye ndiye anayelipia hospitali ya kibinafsi. Kwa mimba isiyo na tatizo na uchungu ulioanza wenyewe, Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2018 kwamba mama asifungwe CTG muda wote. Asikilizwe kwa vipindi, kwa pembe au dopla: kila dakika 15 hadi 30 uchungu ulipokolea, na kila dakika 5 anaposukuma. Sababu yake ni hii. Majaribio 13 yaliyohusisha wanawake zaidi ya 37,000 yalikusanywa na kuchambuliwa pamoja mwaka 2017. Waliofungwa mashine muda wote, watoto wao waliopata degedege baada ya kuzaliwa walikuwa nusu ya wale wa upande wa pili. Lakini vifo havikupungua, ulemavu wa ubongo haukupungua, na waliopasuliwa waliongezeka. Pia mama aliyefungwa mikanda hulazwa chali kitandani, wakati kutembea na kukaa ubavu ndiko kunakomsaidia.

Kwa hivyo usimdharau sista mwenye kipembe. Anayeinama kila nusu saa akahesabu dakika nzima na kuandika, huyo anamlinda mwanao kuliko mashine ya mamilioni inayochora karatasi isiyo na msomaji.

Hali zinazotaka CTG zipo, nazo ni hizi: presha ya mimba, kisukari, kovu la upasuaji wa awali, mapacha, mimba iliyopitiliza, homa, kutokwa damu, chupa iliyopasuka ikatoa maji ya kijani, kutundikiwa dripu ya kuongeza uchungu, na mtoto aliyepunguza kucheza. Kama una mojawapo, uliza mapema ukiwa kliniki, mwezi wa saba au wa nane, kama kituo unachokusudia kina mashine hiyo na kama karatasi zake zipo. Mashine bila karatasi ni mapambo.

Mtoto akipunguza kucheza

Hili ndilo la kukaa nalo. Mama wengi huanza kusikia mtoto akicheza kati ya wiki ya 16 na 24. Kufikia wiki ya 28 kila mtoto ameshakuwa na tabia yake: huyu hucheza usiku ukilala, huyu ukimaliza kula, huyu asubuhi. Ijue tabia ya wako. Hakuna idadi inayowafaa watoto wote, na ndiyo maana kulinganisha tumbo lako na la wifi yako hakusaidii.

Kuna maneno yanayosemwa barazani ambayo ni ya hatari. La kwanza, kwamba mtoto hutulia anapokaribia kuzaliwa. Si kweli. Namna ya kucheza hubadilika, mateke yakawa misukumo na kujigeuza kwa sababu nafasi imebana, lakini kucheza hakupungui hadi uchungu wenyewe uanze, na hata ndani ya uchungu huendelea. La pili, kwamba mtoto wa kiume ni mzito, hachezi sana. La tatu, kunywa soda baridi au maji ya sukari umwamshe. Ukinywa, ni sawa, lakini kunywa kusigeuke kuwa sababu ya kungoja hadi kesho.

Mwezi wa Ramadhani ujitazame zaidi. Dini imempa mja mzito ruhusa ya kula, na mashekhe wa mtaani kwako watakueleza habari ya kulipa. Ukichagua kufunga na kufikia alasiri mtoto hachezi kama kawaida yake, usiseme "ni njaa tu, atacheza baada ya futari." Fungua, kisha nenda ukasikilizwe.

Wataalamu wa uzazi wa Uingereza walishauri mwaka 2011 kwamba asiye na hakika, mimba ikiwa imepita wiki ya 28, alale ubavu wa kushoto saa mbili akimzingatia mtoto, na asipohisi michezo 10 awasiliane na hospitali. Ushauri ule umeandikwa kwa mtu aliye dakika chache na wodi. Wewe wa Mtongwe au Kiembeni, ukiwa na hakika kwamba kucheza kumepungua, saa mbili hizo zitumie njiani.

Dopla ya kununua

Madukani na mitandaoni sasa huuzwa dopla ndogo za nyumbani, na wapo waume wanaozinunua kama zawadi. Nia ni njema, lakini kifaa chenyewe hakifai. Mwaka 2009 madaktari wa Uingereza waliandika katika jarida la BMJ habari ya mama wa wiki ya 38 aliyehisi mtoto amepunguza kucheza, akajisikiliza kwa dopla yake, akasikia mlio, akatulia. Alichokisikia huenda kilikuwa damu yake mwenyewe au mvumo wa kondo. Mtoto alizaliwa amefariki. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu mwaka 2014 wasivitumie vifaa hivi bila mtaalamu.

Na hata ukiyapata mapigo kwelikweli, yakawa 140, utakuwa umejua tu kwamba moyo unapiga kwa dakika ile. Mtoto hupunguza kucheza kwanza ili kuweka akiba ya nguvu. Moyo huharibika baadaye. Dopla ya nyumbani itakutuliza katika muda uleule ambao ulitakiwa uwe umeshatafuta tuktuk. Kama ishanunuliwa, irudisheni dukani, pesa ziwekwe kwa nauli.

Kufika

Hospitali ya rufaa kwa Pwani yote, Coast General, iko kisiwani. Bara kuna hospitali za kaunti ndogo: Likoni wana hospitali yao pamoja na Mrima, Changamwe wana Port Reitz, na Kisauni wana vituo kama Mlaleo huku wengine wakivuka kwenda Tudor. Katika ziara ya kliniki ya mwezi wa nane muulize sista mambo matatu: usiku kuna daktari wa upasuaji, kuna gari la wagonjwa lenye mafuta, na kituo hiki kikishindwa humpeleka mama wapi? Majibu hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo usitegemee alivyozaa dadako.

Wa Likoni ana hesabu ya ziada. Feri huchukua muda, na saa za asubuhi na jioni watu hujaa hadi barabarani. Gari la wagonjwa hupishwa. Tuktuk yenye mama wa uchungu haijulikani mpaka isemwe, kwa hiyo anayekusindikiza ashuke, amwendee askari wa lango, aseme waziwazi. Ipo pia barabara ya Dongo Kundu, inayoungana na ya Lunga Lunga pale Kibundani na kutokea upande wa Mwache na Miritini, bara ya magharibi, bila kugusa feri. Ni mbali zaidi kwa kilomita, lakini kwa mtu anayekwenda Port Reitz au siku ambayo feri imeharibika, huenda ikawa ndiyo ya karibu. Mwenye gari au tuktuk utakayemwita aijue kabla, mkubaliane na bei ya usiku. Nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Wa Kisauni, kinachokuponza ni kungoja magari yapungue darajani. Wa Changamwe asiende kisiwani kwa mazoea wakati Port Reitz ipo karibu. Akianzia huko akasikilizwa, na ikibidi kupelekwa Coast General, atapelekwa akiwa na barua na mara nyingi na nesi.

Jiandikishe SHA, bima ya afya ya umma, kwa *147# kabla tumbo halijawa kubwa. Linda Mama, mpango wa uzazi wa bure uliozoeleka, ulimalizika Oktoba 2024, na foleni ya kuandikishwa si mahali pa kushikwa na uchungu. Lakini ukifika taabani bila kujiandikisha, Katiba, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Ukiwa leba

Vaa dera au gauni linalofunguka mbele, na ubebe leso mbili za ziada: moja ya kujistiri mikanda inapofungwa, nyingine ya kufutia jeli. Jeli ni baridi na huteleza, ikikauka huwasha. Ukitaka nesi mwanamke omba mapema kwa upole, wala si aibu.

Usilale chali. Tumbo zito hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na mapigo ya mtoto huweza kushuka kwa ajili ya hilo tu. Lala ubavu, hasa wa kushoto, au kaa umeinuka.

Kila anapomaliza kusikiliza, muulize: "Sista, samahani, mapigo ya mtoto ni ngapi?" Ni swali dogo, halimuudhi mtu, na humfanya ahesabu kweli. Zikipita nusu saa mbili bila mtu kukugusa, anayekusindikiza aende mezani aseme: "Dada, twaomba mama yetu asikilizwe mtoto, ni muda." Asiende kwa hasira. Usiku wodini nesi mmoja huweza kuwa na akina mama wengi, na anayekumbushwa kwa heshima huja. Duniani, katika watoto karibu milioni mbili wanaozaliwa wamefariki kila mwaka, zaidi ya 40 kwa mia hufa wakati wa uchungu, wakiwa na watu waliotakiwa kuwasikiliza.

Mapigo yakiwa chini ya 110, au yamezidi 160 na hayashuki, utaona mambo yakienda haraka. Utageuzwa ubavu. Dripu ya uchungu, kama ipo, itafungwa. Utapimwa presha na joto, na utapimwa njia kuona kama kitovu kimetangulia. Daktari ataitwa. Hapo huenda ukaambiwa usukume kwa kusaidiwa, au uende kupasuliwa, au upelekwe hospitali nyingine. Uliza swali moja: "Mapigo yamekuwaje, na tangu saa ngapi?" Kisha uamue. Mwenye kutia sahihi ya upasuaji ni wewe, mtu mzima mwenye akili zako. Mume aliye baharini au kazini Dubai apigiwe simu, aombe dua, lakini karatasi isingoje simu yake, wala kikao cha wazee sebuleni.

Ukitolewa, omba karatasi yako ya CTG ibandikwe kwenye kijitabu chako cha kliniki pamoja na barua ya kuruhusiwa. Ile karatasi huchapwa kwa joto: ndani ya mkoba, kwenye jua letu hili, hufifia hadi ikawa nyeupe. Ipige picha kwa simu siku hiyohiyo, tarehe na saa zikionekana, maana daktari wa mimba ijayo ataitaka.